Ngege Aliyetugawa Upya

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kwa mlango wa nyuma nikisukuma mkokoteni wa mchanga, na wala sikuwa nimeajiriwa. Nilikuwa nimetumwa kupeleka mchanga wa ziwani kwenye makumbusho ya viumbe hapa Bujumbura, jengo refu la matofali karibu na bandari ambalo zamani lilikuwa stoo ya pamba. Nilipaswa kumwaga mzigo na kuondoka. Lakini mle ndani palikuwa na tangi la kioo kubwa kuliko kitanda, na mwanamke mwenye miwani alikuwa ameinama akiosha ule mchanga wangu ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yakawa maangavu. Nikamuuliza kwa nini anaosha kitu kilichotoka majini.

Alinipa ndoo. "Osha na wewe, halafu uniambie unaona nini."

Nikaosha. Nikaona tope jembamba likielea, nikaona vipande vya konokono, nikaona vidudu vyekundu vidogo kama uzi. Kwa kila kimoja nilikuwa na swali. Mwishowe akanyoosha mgongo, akaniangalia.

"Unafanya kazi gani wewe?"

"Zote, Mudamu."

"Na umeacha zipi?"

"Zote, Mudamu."

Akacheka, na kesho yake nikarudi. Alikuwa Mhifadhi, yaani mtu anayetunza vitu vyote vya makumbusho na kujua kila kimoja kimetoka wapi. Nami nilikuwa mtu niliyeacha shule ya msingi kabla ya kuimaliza, nikabeba magunia bandarini, nikafyatua tofali Buterere, nikavuta nyavu Kajaga, nikawapikia madereva wa malori barabara ya Uvira. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kazi inavyokwenda, kisha miguu ikaanza kuwasha. Pale makumbusho miguu haikuwasha. Hakuna siku niliyoelewa kila kitu.

Nilianza kama mlinzi wa vitrini, yaani yale makabati ya vioo. Kazi yangu ilikuwa kufuta alama za vidole na kukataza watu kuegemea. Baadaye mwongozaji mmoja alihama nchi, na Mhifadhi akanipa nafasi yake ya kuwatembeza wageni. Nilijiandaa sana. Kundi langu la kwanza, wanafunzi wa shule moja ya mjini, nililisimamisha mbele ya fuvu la mamba na kumwaga yote niliyoyajua: meno, taya, umri, chakula. Walipoondoka nilijiona profesa.

Mhifadhi alikuwa amesimama nyuma ya mlango. "Umeongea vizuri," alisema. "Sasa niambie, wao waliangalia nini?"

"Waliangalia mamba."

"Apana. Walikuangalia wewe."

Siku ile alinifundisha kazi. Alifunika lebo kwa kiganja. Lebo ni ile karatasi ndogo inayotaja jina la kitu. Akasema mwongozaji ana maswali mawili kabla ya maelezo yoyote. La kwanza: unaona nini? La pili, mtu akishajibu: umejuaje? Mtoto akisema mnyama huyu anakula nyama, usimwambie amepata wala amekosa. Muulize amejuaje. Akikuonyesha jino, tayari ameanza sayansi, hata kama hajui neno lenyewe. Majina ya Kilatini yanaweza kusubiri nyuma ya kiganja.

Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, nami sijapata kanuni nyingine iliyo bora zaidi.

Kisha vita vikaingia jijini. Wengi mnaosoma haya mlizaliwa baadaye, kwa hiyo niwaeleze jinsi vilivyoonekana kutoka kwenye mlango wa makumbusho. Kwanza mabasi ya shule yaliacha kuja. Halafu zikaanza zile siku ambazo mji mzima ulifungwa na mtu hakutoka kwake. Mitaa ikajitenga: hapa wakahama wa kundi hili, pale wakahama wa kundi lile, na barabara ambayo watoto waliipita kwenda shule ikawa mpaka. Watu niliowajua Buterere hawakutaka kupita Mutakura. Watu niliowajua Mutakura hawakutaka kusikia habari za Buterere. Nilifuta vioo ambavyo hapakuwa na mtu wa kuvichafua.

Bwana Meneja, aliyesimamia jengo, hakuwa mtu mbaya. Asubuhi moja alituita, Mhifadhi na mimi na wengine tuliobaki.

"Magunia ya chakula cha waliokimbia makwao yananyeshewa nje," alisema. "Sisi tuna paa zuri, na chini ya paa hakuna watu. Wameniuliza kama ukumbi wetu unaweza kuwa ghala. Mngekuwa nyinyi, mngewajibu nini?"

Ilikuwa haki yao kuuliza.

"Mkaguzi atakuja kuangalia mvua zikikatika," akaendelea. "Akikuta ukumbi mtupu, tutafungasha vitrini na kumwaga tangi. Na tukishafungasha, sijui nani atakuja kufungua."

Tulipotoka Mhifadhi alinishika mkono. "Una baiskeli?"

"Naweza kuazima."

"Azima. Tuone ni vitu gani vinaweza kutoka humu bila kuvunjika."

Hivyo ndivyo nilivyopata cheo changu cha tatu, msimamizi wa sanduku la safari. Lilikuwa sanduku la mbao, ndani tumeliwekea sponji la godoro kuukuu. Humo tulipanga fuvu la mamba mdogo, viota vya ndege, konokono wa ziwani wa maumbo mbalimbali, lenzi za kukuza, na samaki waliohifadhiwa katika chupa za spiriti. Siku ambazo njia ilikuwa tulivu nilikwenda nalo Mutakura, nikalifungua pembeni mwa soko. Siku nyingine nilikwenda Buterere, penye mashamba ya mpunga, nikalifungulia kwenye matanuri ya tofali nilikowahi kufanya kazi. Nilifunika lebo kwa kiganja na kuuliza unaona nini. Watu walishika, walinusa, walibishana. Kwa nusu saa hivi hakuna aliyeulizia habari za jana usiku.

Mutakura ndiko nilikokutana na Mama Feza. Alikuwa ametoka Uvira, upande wa Kongo, amekimbia vita vya upande wao na kuviangukia vya kwetu, na aliuza samaki kwenye meza iliyo safi kuliko zote. Aliinua chupa yenye ngege, yule samaki tunayemla sote, akaigeuza kwenye mwanga, akaguna.

"Huyu mi namujua. Ni mubaya. Anakula batoto yake."

"Umejuaje, Mama?"

"Umejuaje! Mi napasua ngege kila siku, we unaniuliza nimejuaje? Ngege mama ukimufungua kinywa, unakuta batoto yamejaa mumo. Tudogo hivi, na macho. Sasa batoto iko inafanya nini mu kinywa ya mama yake? Inasali?"

Soko zima likacheka. Nami nikacheka, lakini nikauliza tena, maana ndiyo kazi. "Na tumboni, Mama? Ukimpasua huyo mwenye watoto kinywani, tumboni unakuta nini?"

Akawaza. "Tumboni... apana. Tumboni mwake hakunaka kitu. Iko mutupu." Kisha akanielekezea kisu. "Hiyo haibadilishe kitu! Ulimukamata mbele ya kuyameza, ni ile tu!"

Nilikwenda na swali hilo Buterere. Huko alikuwepo Nepo, mfyatua tofali mwenye sauti kubwa na mikono iliyopasuka kwa udongo, tuliyewahi kufanya naye kazi. Nilisimulia hoja ya mama mmoja muuza samaki bila kutaja mtaa. Nepo akatikisa kichwa.

"Apana, sha. Huyo mama anamusingizia samaki. Mi nilikuwa natega ngege mu mitaro ya mupunga toka utoto. Ile mama inaficha. Ukitupa jiwe, batoto inapotea. Ukikaa kimya, inarudi. Wapi inapotelea? Mu kinywa!"

"Umeona ikiingia kinywani?"

"Maji ya mupunga ni tope, nitaona wapi? Lakini najua. Mwambie huyo mama aache kuchongea wazazi ya wengine."

Nikamwambia. Mama Feza aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Ni nani huyo?"

"Ni mtu wa tofali."

"Basi umwambie mutu wa tofali akafyatue tofali, samaki aniachie mi. Na umwambie hivi: kama anaficha, kwa nini anatafuna? Mi nimemuona mu beseni, mama mwenye batoto, kinywa inaenda hivi, hivi, hivi." Alitafuna hewa mbele ya wateja wake. "Mutu anatafuna kitu anaficha?"

Hoja hiyo ilikuwa nzuri sana. Nikaipeleka Buterere, Nepo akaiwaza akifyatua tofali mpaka nilipofunga sanduku. Kisha akakimbia nyuma ya baiskeli yangu na jibu. Nikawa tarishi wa matusi, na wa dau pia: atakayeshindwa atanunua maandazi. Kila mtaa ulijigawa. Mutakura walikuwepo wa "anakula" na wa "anaficha". Buterere vilevile; mke wa Nepo mwenyewe alikuwa upande wa Mama Feza. Wanafunzi walibishana, mafundi baiskeli walibishana, na padri mmoja aliniambia kwa siri kwamba yeye ni wa "anaficha" lakini hataki kuwaudhi waumini. Nilipokuwa nikirudi jioni kabla ya njia kufungwa, nilitambua kitu ambacho sikukitafuta. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, nilijua kambi mbili katika mji huu ambazo hazikufuata mtaa wala kundi la mtu.

Nilimweleza Mhifadhi. Akavua miwani.

"Nani ana ukweli, Mudamu?" nilimuuliza.

"Tusiwaambie. Tuwaonyeshe."

Nilikwenda Kajaga kwa Mzee Barinaba, mvuvi aliyenifundisha kuvuta wavu nilipokuwa kijana asiyetulia. Nilimwambia nataka ngege jike mwenye watoto kinywani, akiwa hai. Alinitazama kwa huruma. "Wewe bado tu hujatulia?" alisema. Lakini alinitafutia. Hakumwinua kwa wavu, kwa sababu akitolewa majini hutema kila kitu. Alimkinga kwa beseni ndani ya maji yenyewe, polepole, bila kumgusa. Tulimleta mjini na maji yake ya ziwani.

Tulimweka kwenye tangi karibu na dirisha, pamoja na ngege wengine wachache. Alikuwa wa kijivu, koo limevimba kama mtu aliyejaza maji mdomoni, na kweli alikuwa akitafuna. Nilimtupia chakula, akakipita. Mhifadhi alinieleza kwamba hatafuni. Anayageuza mayai kinywani, na baadaye watoto, ili kila yai na kila mtoto apate maji mapya. Muda wote huo hali kitu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikupenda kulisikia.

"Lakini ujue hili. Akiogopa sana, au akikosa hewa, anaweza kuwatema. Na pengine anaweza kuwameza."

"Kwa hiyo Mama Feza..."

"Kwa hiyo Mama Feza si mjinga. Na huenda siku tutakayowaonyesha akashinda."

Tukatangaza siku. Nilizunguka na baiskeli kila mtaa: njooni mumwone ngege. Mkaguzi naye akatuma habari kwamba atapita asubuhi hiyohiyo. Kama watu wasingekuja, ukumbi ulikuwa umekwenda.

Asubuhi yenyewe umeme ulikatika. Siku hizo hilo halikuwa ajabu, na petroli ya jenereta ilitafutwa kama dawa. Pampu ndogo iliyopuliza hewa tangini ikanyamaza. Watu walipoanza kuingia, wa Mutakura kwanza, wamesimama pamoja upande wa mlango, ngege walikuwa wamepanda juu, midomo kwenye uso wa maji, wanahema. Yule mama alikuwa kwenye kona, mapezi yakitetemeka. Kisha wakaingia wa Buterere, wakasimama upande wa pili wa ukumbi. Katikati palikuwa na tangi. Bwana Meneja aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Mhifadhi hakuwahutubia. Aliuliza, "Mnaona nini?"

"Wanakunywa maji," akasema mtoto.

"Wanakufa," akasema Mama Feza. Alikuwa ameshafika kwenye kioo. "Mudamu, hawa wanakosa pumuzi."

"Umejuaje, Mama?"

"Mi nauzisha samaki muzima! Mu beseni wakipanda hivi, unawapigia maji na mukono, ama unawamwagia na kopo toka juu. Ukiacha, wote wanageuka tumbo."

"Maji nayo yanabeba hewa," Mhifadhi akawaambia wote. "Yakitulia inawaishia samaki. Yakivunjika yanachota nyingine. Tuna makopo kwenye chumba cha kufulia."

Nikakimbia. Nilipewa kazi ya kupanga watu: chota upande huu, inua, mimina taratibu mbali na kona ya mama, mpe kopo anayefuata. Makopo yalikuwa machache, kwa hiyo hapakuwa na njia ila kupokezana, na kupokezana kulihitaji mstari, na mstari ukachanganya pande mbili za ukumbi kabla mtu hajapata muda wa kulifikiria. Mwanamume mwenye vumbi la tofali alipokea kopo kutoka kwa Mama Feza.

"Inua juu kidogo," Mama Feza akamwamuru. "Unamwagia kama unamwagia maua."

"Mama, mi najua ngege toka utoto."

Mama Feza akageuka. "Ni we mutu wa tofali?"

"Na we ni mama wa kuchongea!"

"Yoo! Nilizani uko muzee."

"Nami nilizani uko mukubwa mara mbili, na matusi ile ulinitumia."

Mstari mzima uliangua kicheko, na ndipo Mkaguzi akaingia. Alikuwa amevaa suti. Alitaka kuuliza nani mkubwa hapa, lakini mtu alikuwa ameshamtia kopo mkononi. "Patron, ni zamu yako, samaki hawangoje." Akamimina. Maji yalimrukia tai. Akamimina tena.

Ngege walishuka mmoja mmoja kutoka juu. Tukaendelea kumimina. Yule mama akatulia, mapezi yakaacha kutetemeka, akaogelea mpaka kwenye kioo cha mbele, akainamisha kichwa. Mhifadhi akainua mkono, nasi tukaganda na makopo yetu hewani.

Mama ngege akafungua kinywa. Likatoka kama wingu la vumbi. Halafu vumbi likawa na macho. Watoto, wengi, wakielea mbele ya uso wa mama yao. Nepo, akitaka kuona vizuri, akainama ghafla na kivuli chake kikaanguka majini. Wingu zima likarudi kinywani mara moja.

"Amemeza!" akapiga kelele Mama Feza. "Mumeona! Amemeza!"

"Ngoja, Mama," nikamwambia.

Nepo alirudi nyuma. Tukangoja. Nimengoja vitu vingi maishani, mishahara na mabasi na amani, lakini sidhani nimewahi kungoja vile. Mama ngege akatafuna kidogo. Kisha akafungua kinywa, na watoto wakatoka tena, wakaanza kuchezea mchanga niliouosha mimi.

Sikumbuki nani alipiga makofi kwanza. Nakumbuka Nepo akirukaruka kama mtu wa mpira, na mke wake akimwambia akome kujivuna, na Mama Feza akiwa ameshika mikono kiunoni, uso karibu na kioo.

"Sawa," alisema mwishowe. "Anaficha. Maandazi ni juu yangu." Kisha akainua kidole. "Lakini kuko moja haikurudi inje. Mi nilikuwa namuangalia, ya pembeni, ile mudogo. Iliingia. Haikutoka."

"Umejuaje?" akamuuliza Nepo, nao wote wawili wakaanza upya.

Mkaguzi aliniuliza kando, akikamua tai yake, kama huyo samaki atatoa watoto tena Jumamosi. Nikamjibu kwamba hata sisi hatujui, ni kuja kuangalia. Uamuzi wake ulipofika ulikuwa wa nusu kwa nusu: chumba cha nyuma kikawa ghala, ukumbi ukabaki wetu. Kwa miaka iliyobaki ya vita wabeba magunia walipita mbele ya tangi letu, na wengi wao walichelewa kazini kwa ajili hiyo. Jumamosi ile Mkaguzi alirudi na wanawe.

Sitaki mfikiri kwamba samaki alimaliza vita. Kulikuwa na siku nyingine mbaya baada ya ile, na baadhi ya watu waliokuwa kwenye ule mstari sikuwaona tena. Lakini tuliendelea. Mhifadhi alistaafu kabla yangu. Mimi nikawa mkuu wa waongozaji, nikawafundisha vijana wenye diploma kufunika lebo kwa kiganja, nao wakanifundisha kutumia kompyuta. Mara nyingi waliniuliza makumbusho yana faida gani kwa mtu asiyesoma. Niliwaambia: mtu asiyesoma amekwisha kuona mengi, kinachokosekana ni mahali pa kukutania na mtu mwingine aliyeona tofauti, pakiwa na kitu chenyewe katikati, ili wakichoka kubishana waangalie tena.

Sasa nami nimestaafu, na miguu imeacha kuwasha kwa sababu nyingine. Jumamosi naingia kwa mlango wa mbele kama mgeni. Mara nyingi Mama Feza huwa ameshafika. Ameacha kuuza samaki, macho yake yamepungua, na huleta lenzi. Tangi ni jipya, ngege ni vitukuu vya vitukuu vya yule wa Kajaga. Tunakaa mbele ya kioo mpaka mama mmoja awaite wanawe kinywani na kuwatoa tena. Ndipo Mama Feza ananigusa kiwiko.

"Uliona? Ile ya pembeni. Haikutoka."

Sijawahi kuweza kumthibitishia kwamba ilitoka. Tunasogeza viti karibu, tunangoja tena.